Maarifa ya Zizini: Utunzaji wa Mifugo wa Jadi Katika Vijiji vya Ayalandi

Katika mwaka 1937 watoto wa shule za msingi nchini Ayalandi walipewa kazi isiyo ya kawaida. Waliagizwa waende kwa wazazi, mababu na majirani zao wazee, wawaulize juu ya mambo ya kale, na majibu wayaandike katika madaftari. Kazi hiyo iliongozwa na Tume ya Mapokeo ya Ayalandi, iliyokuwa imeundwa mwaka 1935. Watoto wapatao 50,000 wa shule 5,000 hivi walishiriki, na hadi ilipomalizika mwaka 1939 palikuwa na kurasa zipatazo 740,000. Miongoni mwa mada walizopewa ilikuwamo moja iliyohusu utunzaji wa wanyama wa nyumbani: wanaitwaje, wanafungwaje, wanalishwa nini, wanalala wapi, na wakiugua wanatibiwaje. Mwaka 2017 Unesco iliingiza makusanyo ya tume hiyo katika orodha ya kumbukumbu muhimu za ulimwengu.

Mtaalamu wa leo anayefungua madaftari hayo hukutana na mchanganyiko mkubwa. Ukurasa mmoja unaeleza jinsi ya kumtuliza ng'ombe asiyetaka kukamuliwa. Ukurasa wa pili unaeleza jinsi ya kumtibu ng'ombe aliyepigwa mshale na majini. Ni rahisi kuyatupa yote kwa kusema kwamba ni ushirikina, na ni rahisi vile vile kuyasifu yote kwa kusema kwamba wazee walijua kila kitu. Njia zote mbili ni za mkato. Njia ya kisayansi ni kuichukua kila desturi peke yake na kuiuliza: inafanya nini katika mwili wa mnyama, katika ardhi, au katika viini vya maradhi? Makala haya yanazipima baadhi ya desturi hizo kwa kipimo hicho.

NCHI YA MAJANI

Kwanza yafaa kuelewa mazingira. Ayalandi ni kisiwa kilichoko magharibi kabisa ya Ulaya, ukingoni mwa bahari ya Atlantiki. Ijapokuwa iko mbali kaskazini mwa Ikweta, bahari huifanya hali yake ya hewa iwe ya wastani: kiangazi chake si cha joto kali, na katika miezi ya baridi wastani wa joto pwani huwa nyuzi 5 au 6 za Selsiasi. Mvua hunyesha mwaka mzima, na upande wa magharibi hupita milimita 1,000 kwa mwaka. Kwa sababu hiyo majani huota kwa muda mrefu zaidi kuliko katika nchi nyingi za Ulaya. Mtawa wa Kiingereza aliyeitwa Bede, katika historia aliyoikamilisha mwaka 731, aliandika kwamba Waayalandi hawakuwa na haja ya kukata majani wakati wa kiangazi na kuyaweka akiba, wala ya kuwajengea wanyama mabanda ya kukingia baridi. Alitia chumvi kidogo, lakini kiini cha maneno yake kilikuwa cha kweli.

Katika nchi ya namna hiyo ng'ombe ndiye aliyekuwa utajiri. Sheria za kale za Ayalandi, zilizoandikwa katika karne ya 7 na ya 8, zilikadiria fidia na deni kwa hesabu ya ng'ombe wa maziwa. Kipimo kimoja kikubwa cha mali, kilichoitwa kumal, kwa kawaida kilihesabiwa kuwa sawa na ng'ombe watatu wa maziwa. Hata baada ya fedha kuenea, familia ya mkulima mdogo iliendelea kumtegemea ng'ombe mmoja au wawili kwa maziwa, siagi na kodi ya shamba. Ng'ombe akifa, nyumba iliyumba. Kwa hiyo kila alichofanya mkulima kwa mnyama wake kilikuwa na gharama au faida iliyoonekana mezani.

NG'OMBE ANAYEZUIA MAZIWA

Maandishi ya kale ya Ayalandi na habari za wasafiri wa karne ya 17 yanakubaliana juu ya jambo moja: ng'ombe wa huko hakutoa maziwa mpaka amwone ndama wake. Ndama aliachwa anyonye kidogo, kisha akafungwa karibu na kichwa cha mama yake huku mkamaji akiendelea na kazi. Ndama akifa, ngozi yake ilijazwa majani makavu na kuwekwa mbele ya ng'ombe, naye akailamba na kuachia maziwa. Njia nyingine, iliyowashangaza sana wasafiri, ilikuwa mtu kupuliza hewa kwa nguvu katika uke wa ng'ombe.

Mfugaji wa Afrika Mashariki hataliona jambo hili kuwa geni. Ng'ombe wengi wa asili wenye nundu hukataa kukamuliwa ndama asipokuwapo, na desturi ya kupuliza hewa inajulikana pia kwa Wanuer wa Sudani Kusini. Watu hawa na Waayalandi hawakufundishana. Walichokuwa nacho pamoja ni mnyama mmoja, mwenye mwili unaofanya kazi kwa namna moja.

Maelezo ya kisayansi ni haya. Sehemu kubwa ya maziwa yaliyomo kiweleni haikai karibu na chuchu, bali imo katika vifuko vidogo sana vilivyozungukwa na nyuzi za misuli. Ndama anaposukuma kiwele na kunyonya, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye ubongo, na tezi iliyo chini ya ubongo humwaga katika damu homoni iitwayo oksitosini. Katika muda wa dakika moja hivi homoni hiyo hufika kiweleni, misuli ya vifuko hujikaza, na maziwa hushuka. Baada ya dakika chache nguvu ya homoni hupungua, na ndiyo maana ukamuaji mzuri haufanywi polepole. Kuguswa na kutanuka kwa njia ya uzazi, kama inavyotokea wakati wa kuzaa, huamsha homoni iyo hiyo. Kupuliza hewa kulikuwa, basi, njia ya kuudanganya mwili. Kulikuwa na madhara yake pia, kwa kuwa kungeweza kupeleka viini vya maradhi kutoka kwa mtu hadi kwa mnyama na kutoka kwa mnyama hadi kwa mtu.

Upande wa pili wa jambo hili ni hofu. Mnyama anaposhtuka, mwili wake humwaga adrenalini, nayo hupinga kazi ya oksitosini. Wanawake wa Ayalandi, ambao ndio waliokuwa wakamaji wakuu, walikuwa na desturi ya kuwaimbia ng'ombe wakati wa kukamua. Wazee walisema kwamba wimbo humfurahisha ng'ombe. Mwanasayansi atasema kwamba sauti ile ile, ikisikiwa kila siku kabla ya kukamuliwa, huwa ishara, na mwili huanza kujitayarisha mara inaposikika. Kauli hizi mbili hazipingani. Ya pili inaeleza ya kwanza.

MAJINA NA MIITO

Madaftari ya watoto wa shule yamejaa majina ya ng'ombe na miito ya wanyama. Ng'ombe aliitwa kwa rangi yake: mwenye mgongo mweupe aliitwa droimeann, mwenye mistari aliitwa riabhach. Kila aina ya mnyama ilikuwa na mwito wake. Kuku waliitwa kwa sauti ya «tiuc, tiuc», ndama kwa «suck, suck», na nguruwe kwa «hurrish, hurrish». Mtoto aliyekosea mwito alibaki na ndoo mkononi bila mnyama kumjia.

Jambo hili huonekana kuwa dogo, lakini mkulima asiye na ua imara wala wasaidizi alilihitaji sana. Mnyama anayekuja akiitwa hahitaji kukimbizwa, na asiyekimbizwa haumii wala hapotezi maziwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle nchini Uingereza walitoa mwaka 2009 matokeo ya uchunguzi uliowahusu wafugaji 516 wa ng'ombe wa maziwa. Katika mashamba ambamo ng'ombe waliitwa kwa majina, kila ng'ombe alitoa wastani wa lita 258 zaidi kwa mwaka. Isidhaniwe kwamba jina lenyewe huleta maziwa. La kukumbuka ni kwamba mtu anayempa mnyama jina kwa kawaida humfahamu, humkaribia bila fujo, na hutambua mapema anapougua.

KUPANDA MILIMANI

Desturi kubwa zaidi ilikuwa ile ya kuhamisha mifugo kwa majira, iliyoitwa kwa Kiayalandi buailteachas. Tarehe 1 Mei, siku ya kuanza kiangazi katika kalenda yao ya jadi, ng'ombe waliondolewa mashambani na kupelekwa milimani au kwenye nyika zenye vinamasi. Vijana, na hasa wasichana, walikwenda nao, wakaishi katika vibanda vya mawe na udongo, wakikamua na kutengeneza siagi. Kundi lilirudi nyumbani mwishoni mwa Oktoba, mavuno yalipokwisha kuingizwa ndani. Katika kisiwa cha Achill, upande wa magharibi, desturi hii iliendelea hadi karne ya 20.

Faida zake zilikuwa tatu. Ya kwanza ni usalama wa mazao: mashamba mengi hayakuwa na ua wa kudumu, na ng'ombe walioko kilimani hawakuweza kula shayiri ya jirani. Ya pili ni kupumzisha majani ya chini, ambayo yalikua yakawa chakula cha miezi ya baridi. Ya tatu haikuonekana kwa macho. Minyoo ya tumbo hutaga mayai ambayo hutoka pamoja na mavi. Mayai huanguliwa, na viluwiluwi vyake hupanda juu ya majani na kungoja kuliwa. Malisho yakikaa miezi kadhaa bila mnyama, viluwiluwi vingi hufa kwa kukosa pa kuingia. Wazee hawakujua habari za viluwiluwi. Walijua tu kwamba malisho yaliyopumzika humnenepesha mnyama.

Siagi nyingine ilizikwa katika vinamasi, pengine kwa ajili ya kuihifadhi, na wakata mboji huikuta mpaka leo. Maji ya vinamasi hivyo ni baridi na yenye asidi, na hayana hewa ya oksijeni, hivyo bakteria wa kuozesha hawastawi. Uchunguzi wa kikemia uliotangazwa mwaka 2019 ulithibitisha kwamba mafuta ya namna hiyo yaliyopimwa yalitokana na maziwa, na kwamba mengine yamezikwa tangu zama za shaba, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita.

BURREN: MAHALI PA KUPANDA WAKATI WA BARIDI

Katika wilaya ya Clare liko eneo liitwalo Burren, lenye vilima vya mawe ya chokaa yaliyo wazi kama sakafu iliyopasukapasuka. Mgeni akiliona husema kwamba hapo hapafai hata mbuzi. Lakini wakulima wa Burren wamefuga ng'ombe humo kwa karne nyingi, tena kwa ratiba iliyo kinyume cha ile iliyoelezwa hapo juu: ng'ombe hupandishwa vilimani mwishoni mwa Oktoba na kuteremshwa mwishoni mwa Aprili.

Sababu zake zinaeleweka mtu akichunguza mwamba. Mawe ya chokaa hupitisha maji. Wakati wa kiangazi mvua hupotea haraka ndani ya nyufa, na vilima hukosa maji ya kunywesha. Wakati wa baridi chemchemi hufufuka. Mwamba huo hushika joto la kiangazi na kulitoa polepole. Ardhi yake haina matope, kwa hiyo ng'ombe hulala mahali pakavu. Ukavu huo una faida nyingine: minyoo ya ini, ambayo ni adui mkubwa wa mifugo wa nchi zenye mvua, hupitisha sehemu ya maisha yake katika mwili wa konokono mdogo wa matopeni. Pasipo na matope konokono huyo ni haba, na maradhi hupungua. Majani yaliyoachwa yakakua tangu Mei hubaki yamesimama vilimani kama ghala lisilo na paa.

Jambo ambalo wakulima hawakulikusudia ni maua. Burren ni mahali mashuhuri kwa mimea. Mimea ya milima ya baridi huota bega kwa bega na ile ya nchi za Mediterania. Ng'ombe wa miezi ya baridi hula majani marefu na kuvunja matawi ya vichaka wakati mimea hiyo imelala ardhini. Wanapoteremka Aprili, maua madogo hukuta mwanga na nafasi. Ng'ombe wakiondolewa kabisa, nyasi ndefu huyafunika maua, na baadaye vichaka vya mhazeli huvamia.

Hatari hiyo ilitokea kweli. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 wakulima wengi walibadili njia. Ng'ombe wakubwa wa kigeni waliohitaji chakula kingi walichukua mahali pa wale wa zamani, na watu waliokwenda kufanya kazi nje ya shamba hawakuwa na muda wa kutembelea vilima. Wanyama walilishwa majani yaliyovundikwa mahali pamoja. Wakasongamana hapo, wakaikanyaga ardhi, na uchafu wao ukaingia katika maji ya chini ya mwamba, huku sehemu nyingine za vilima zikiachwa bila kuliwa. Kati ya mwaka 2005 na 2010 mradi ulioitwa BurrenLIFE ulijaribu kutengeneza mambo katika mashamba 20. Vichaka vilifyekwa, njia na mabirika ya maji yakatengenezwa, na badala ya majani yaliyovundikwa ukatumiwa mchanganyiko maalumu wa nafaka na madini uliotolewa kwa kiasi kidogo, ili ng'ombe waendelee kutafuta majani wenyewe. Mipango iliyofuata iliwalipa wakulima kulingana na hali ya malisho yao kama ilivyopimwa kwa alama. Kwa maneno mengine, desturi ambayo karibu iachwe kwa kuonekana ya kizamani ilirudishwa kwa msaada wa vipimo vya kisayansi, na mtaalamu wake mkuu alikuwa mkulima.

KUPE NA MASHAMBA YENYE SIFA MBAYA

Wakulima wa Ayalandi walijua kwamba yako mashamba yanayoleta maradhi ya mkojo mwekundu. Ng'ombe aliyenunuliwa mbali akiletwa humo, mkojo wake hugeuka kuwa mwekundu kwa damu, na mara nyingi hufa. Ndama aliyezaliwa na kukulia humo haugui. Wengine walisema ni sumu ya mmea. Wengine walisema ni uchawi.

Kisababishi ni kijidudu kiitwacho Babesia divergens, ambacho huvunja chembe nyekundu za damu. Mtaalamu wa Romania, Victor Babeș, ndiye aliyevigundua vijidudu vya jamii hiyo mwaka 1888, na mwaka 1893 Theobald Smith na Frederick Kilborne wa Marekani walithibitisha kwamba kupe ndiye anayevieneza. Ndama katika miezi yake ya kwanza huweza kuambukizwa bila kuugua sana, na mwili wake hujenga kinga. Ng'ombe mzima ambaye hajawahi kuambukizwa hana kinga hiyo. Kwa hiyo kanuni ya mkulima, kwamba katika shamba la namna hiyo wafugwe wanyama waliozaliwa hapo hapo, ilikuwa sahihi kabisa ijapokuwa sababu aliyoitoa haikuwa sahihi. Katika Afrika Mashariki, ambako kupe huleta maradhi ya jamii hiyo na ndigana kali pia, ng'ombe wa kienyeji waliokulia penye kupe huonyesha ustahimilivu ambao wageni hawana.

PALE WAZEE WALIPOKOSEA

Kipimo kilicho cha haki hakina budi kutaja makosa pia. Ng'ombe aliyedhoofika ghafula alisemekana amepigwa mshale na watu wa majini. Ushahidi uliotolewa ni vijiwe vyenye ncha vilivyookotwa mashambani. Vijiwe hivyo vilikuwa kweli ncha za mishale, lakini zilichongwa na wawindaji na wakulima wa zama za mawe. Ng'ombe alinyweshwa maji yaliyotiwa vijiwe hivyo pamoja na sarafu, na wakati huo huo maradhi ya kweli yakaendelea. Vivyo hivyo, ng'ombe aliyeshindwa kusimama alidhaniwa kuwa na mdudu mkiani. Mkia ulipasuliwa na kutiwa chumvi au vitunguu. Mdudu huyo hayupo, na kidonda kilimwongezea mnyama mateso.

Dawa nyingine zilisifiwa kwa sababu maradhi yangepona yenyewe. Ilisadikiwa kwamba mtoto wa kiume wa saba katika familia ana uwezo wa kuponya choa. Choa cha ndama kwa kawaida hupona baada ya miezi michache bila dawa yoyote, na anayeguswa na mganga hupona sawasawa na asiyeguswa. Ndiyo maana sayansi hudai ulinganisho: haitoshi kuhesabu waliopona baada ya kutibiwa, lazima wahesabiwe na waliopona bila kutibiwa.

Kosa lililoleta madhara makubwa zaidi lilitokana na mapenzi mema. Katika nyumba nyingi za magharibi watu na ng'ombe walilala chini ya paa moja, wakitenganishwa na mfereji wa maji machafu tu. Ng'ombe alipata joto, na watu walipata joto lake. Wazee walisema kwamba ng'ombe anayeuona moto hutoa maziwa mengi. Lakini hewa ya pamoja na maziwa yasiyochemshwa ni njia kuu za kifua kikuu cha ng'ombe, ambacho humwingia binadamu pia. Ayalandi ilianzisha mpango wa taifa wa kukitokomeza mwaka 1954, na mpaka leo kazi hiyo haijamalizika. Ugonjwa mwingine unaopita kutoka kwa ng'ombe kwenda kwa mtu, brusela, ulishindwa: mwaka 2009 nchi ilitambuliwa kuwa imeondokana nao katika ng'ombe. Hapa palihitajika maabara, chanjo, upimaji na sheria. Desturi peke yake isingefika.

KAZI YA KUCHUJA

Katika mifano yote hii kuna tofauti moja iliyo wazi. Wazee walipoongozwa na jambo walilolitazama kila siku kwa miaka mingi, kama vile tabia ya ng'ombe, hali ya majani na ukavu wa ardhi, mara nyingi walifikia kanuni iliyo sahihi. Walipolazimika kueleza jambo lisiloonekana kwa macho, kama vile kijidudu katika damu, walikisia, na mara nyingi walikosea. Basi kanuni ya mfugaji yafaa kuheshimiwa na kupimwa hata pale ambapo maelezo yake hayakubaliki.

Lakini kupima kunahitaji kumbukumbu. Ayalandi ilibahatika kwamba madaftari yale yaliandikwa wakati watu waliokulia katika maisha hayo walikuwa bado hai. Muda si mrefu baadaye trekta, mashine ya kukamulia na ua wa waya vilibadili mashamba yote. Huko Burren mashamba yalikuwa bado na wakulima walioijua ratiba ya vilima, na hao ndio waliouwezesha mradi kufaulu. Mahali ambapo mzee wa mwisho anayejua hufariki kabla hajaulizwa, mtafiti hubaki na mawe na majani tu, na huanza upya kujifunza kile ambacho kijiji kilikwisha kukijua.